Kipimo cha Dada Nguzo

3 Februari

Mdogo wangu Chupa,

Salamu nyingi. Karatasi imekunjamana kwa sababu barua hii nimeiandika mara tatu. Simu sina, na hata ningekuwa nayo, huku bondeni haishiki. Ndiyo maana nipo huku.

Najua Mama amekwambia nusu tu, basi nikupe nzima. Miaka ishirini na miwili nimekuwa fundi wa mitambo ya kurushia matangazo ya redio. Nimepanda mnara kwenye upepo, nimepanda na mimba ya miezi minne, nimepanda siku ambayo wanaume wawili walikaa chini wakisema mawingu hayajatulia. Jina la Nguzo hawakunipa bure. Kisha mwaka jana mwili ukaanza kunigomea. Nikikaa karibu na mitambo, ngozi ya uso inawaka kama nimepakwa pilipili, kichwa kinabana, moyo unadunda ovyo. Baadaye hata simu ya mtu aliyekaa kando yangu ikawa inanitesa. Daktari wa kwanza alipima kila kinachopimika, akasema mzima. Wa pili akasema nipumzike. Nimeacha kazi, nimehamia nyumba aliyotuachia Shangazi, isiyo na umeme, na jirani yangu wa pekee ni Mwalimu, mama mmoja aliyestaafu kufundisha hesabu.

Hayo ungeyasikia kwa Mama. Usilolisikia ni hili, na mficha uchi hazai: nakula sukari. Sisemi chai tamu. Nasema nasimama mbele ya kabati saa tano asubuhi na kijiko, nachota, natia mdomoni. Wiki iliyopita binti wa Mwalimu alikuja na mama yake kunisalimia, simu yake iko mkobani. Robo saa haikupita, uso ukaanza kuwaka. Niliwasindikiza hadi njiani, nikarudi, nikamaliza pakiti mbili za biskuti nimesimama, hata viatu sijavua. Mimi! Mimi niliyekuwa nawacheka wale wa studio wanaoficha peremende kwenye droo.

Nimelifikiria kifundi. Mtambo ukianza kula umeme kuliko kawaida yake, kuna mahali unavuja. Basi nakuuliza wewe unayeshinda maabara ya hospitali ukipima damu za watu: mawimbi yanaweza kuvuruga kemia ya ubongo hadi ubongo wenyewe udai sukari? Nijibu kama mtaalamu, usinijibu kama mdogo mtu. Na habari ya kijiko Mama asiijue.

Dada yako,
Nguzo


15 Februari

Dada Nguzo, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kazini, mashine ikizungusha damu pembeni. Habari ya viatu ilinichekesha, nisamehe. Nilipofika kwenye kijiko sikucheka tena.

Umetaka jibu la mtaalamu. Ubongo una matarishi wake, yaani kemikali zinazopeleka habari kutoka chembe moja hadi nyingine. Mmoja anaitwa serotonini, anahusika na utulivu na usingizi. Mwingine ni dopamini, yule anayesema, “Kile kitu kilikuwa kizuri, kirudie.” Mtu akiwa na maumivu au hofu, au akikosa usingizi, mwili humwaga homoni za mfadhaiko, na ubongo hutafuta njia ya mkato ya kupata nafuu. Sukari ni njia ya mkato. Kijiko kimoja tu, dopamini inapiga vigelegele, unatulia kidogo, kisha unajikuta umeshuka chini kuliko ulipoanzia. Kwa hiyo wewe si mlafi wala hujarogwa. Usijilaumu, Dada, yote hayo yamo kichwani.

Kuhusu mawimbi, wataalamu bado wanabishana. Ngoja nisome zaidi.

Mama anauliza kama unakula vizuri. Nimemwambia unakula sana.

Mdogo wako,
Chupa


1 Machi

Bwana Maabara,

“Yote hayo yamo kichwani.” Nashukuru. Daktari wa pili alitumia maneno hayo hayo, ila yeye alikuwa na haya, aliangalia pembeni.

Sikia. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kuandika kwenye daftari la mitambo hitilafu ambayo haipo. Siku moja meneja alisema mvumo wa mtambo mmoja nausikia mimi peke yangu. Nilifungua mtambo mbele yake nikamwonyesha waya ulioungua, mwembamba kama unywele. Na wewe nitakufungulia mtambo.

Nimetengeneza kisanduku cha mbao. Ndani kuna kifaa cha intaneti isiyo na waya, kinakula betri ya gari. Taa zake nimeziziba kwa utepe mweusi. Nimekizungushia pamba na blanketi ili nisihisi joto lake wala nisisikie kitu. Swichi nimeipitisha upande wa pili wa ukuta, jikoni. Kila siku saa nne asubuhi Mwalimu ataingia kwa mlango wa nyuma, atatia mkono kwenye mfuko wenye maharage meusi na meupe kwa idadi sawa, atachomoa moja bila kuangalia. Likiwa jeusi, anawasha. Likiwa jeupe, anaacha kimezimwa. Analirudisha mfukoni, anaandika kwenye daftari lake, daftari linalala kwake. Sauti yake siisikii, uso wake siuoni.

Mimi nakaa saa nzima kando ya kisanduku, biskuti mezani. Naandika kimewashwa au kimezimwa, najisikiaje, nimekula biskuti ngapi. Naandika pia usiku nililala kwa saa ngapi na jana nilikula nini, maana daftari la fundi haliachi safu tupu.

Siku arobaini, tunaanza keshokutwa. Daftari zote mbili utaletewa zimefungwa, wewe ndiye utakayelinganisha. Nikipatia, utasimama mbele ya Mama na ukoo mzima uniombe radhi kwa sauti ya kusikika. Na mpaka siku hizo ziishe sifungui barua yako yoyote, usije ukanitia maneno.

Nguzo


9 Machi

Dada,

Najua barua hii itakaa mezani imefungwa. Naiandika hivyo hivyo, ikungoje.

Niliposema kichwani nilimaanisha ubongo. Ubongo uko kichwani, Dada, ningesema uko gotini? Lakini neno limeshaumiza, na mwenye mdomo ni mimi. Naomba radhi leo, sisubiri ukoo.

Kuna la pili. Nilikwambia wataalamu bado wanabishana. Nilikuwa najificha. Vipimo vya namna yako vimefanywa na wengi, nimevisoma. Wagonjwa hawakuweza kutambua lini mawimbi yapo na lini hayapo, na wengine waliugua kwelikweli wakati kifaa kimezimwa. Maumivu yao hakuna aliyeyakana. Ni chanzo ndicho hakikuonekana pale kilipotafutwa. Wewe ndiye uliyenifungia taa yangu ya kwanza ya kusomea, kwa mikono yako, nikiwa darasa la tano. Sikutaka niwe mimi wa kukupa habari hii.

Chupa


26 Machi

Mwanangu wa maabara,

Hunijui. Mimi ndiye Mwalimu, jirani wa dada yako. Yeye hajui kama nakuandikia.

Jana ilikuwa siku ya ishirini na tatu. Nikiwa jikoni nilisikia kiti kinagongagonga sakafu. Alikuwa anatetemeka. Nilivunja sharti, nikaingia. Uso umemwiva, machozi yanamtoka, pakiti nzima ya biskuti imekwisha, na mkono bado unapapasa mezani kutafuta nyingine. Nikamwambia, “Mwanangu, basi, tuache.” Akaniangalia kama mwanafunzi aliyeonewa. “Mwalimu, rudi jikoni. Utaniharibia safu ya leo.” Nikarudi. Akamaliza saa yake.

Sasa shida yangu. Jana nilichomoa harage jeupe. Kisanduku kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi, hakina uhai kuliko jiwe.

Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na miwili na sijawahi kumbadilishia mtu alama. Jana nilishika kalamu nikatamani kuandika kwamba nilikiwasha. Sikuandika. Lakini zimebaki siku kumi na saba, nami si chuma. Nimwambie ukweli sasa, aache kujitesa? Au nilainishe daftari? Wewe ni damu yake, niongoze.

Mwalimu


2 Aprili

Mwalimu, shikamoo.

Usimwambie, na usilainishe. Nimekaa na barua yako siku mbili, na mkono unauma kuandika hivi. Lakini kipimo ni chake. Akijua tumekichezea kwa kumhurumia, atatuona wote wawili kama yule meneja wake aliyesema mvumo haupo. Ukimwona amezidiwa kupita siku ile, mpeleke zahanati. Vinginevyo mwachie amalize.

Asante kwa kutobadili alama.

Chupa


12 Aprili

Bwana Maabara,

Hizi hapa, zimefungwa kwa uzi, na Mwalimu ametia saini juu ya fundo. Sijachungulia lake, hajachungulia langu.

Siku arobaini bila kukosa hata moja. Nilikuwa na homa siku mbili, nikakaa. Siku thelathini na tatu nina uhakika nazo kama ninavyojua nyuzi za mtambo wangu. Tafuta nguo nzuri ya kuombea radhi, na umwambie Mama apange viti.

Barua yako ya Machi ipo mezani. Nitaifungua pamoja na majibu.

Nguzo


30 Aprili

Dada Nguzo, shikamoo.

Daftari zilifika tarehe kumi na nane. Nimehesabu mara tatu, siku tatu tofauti, nikitumaini nimekosea.

Kati ya siku arobaini, umepatia kumi na tisa.

Hiyo ni sawa na mtu anayebahatisha. Zile thelathini na tatu ulizokuwa na uhakika nazo, umepatia kumi na sita. Siku ya ishirini na tatu, uliyoandika “kimewashwa, hakuna shaka”, kilikuwa kimezimwa. Nikwambie ukweli wote: nilikaa na kalamu, wino wa rangi ileile ya Mwalimu, nikafikiri jinsi ilivyo rahisi. Siku kumi na mbili nimechelewa kukujibu ni za vita hiyo.

Nilipoacha kutafuta mawimbi, nikatazama zile safu nyingine ulizojaza kwa kuwa fundi haachi safu tupu. Dada, ungekuwa hapa nikuonyeshe kwa kidole. Siku zinazofuata usiku uliolala chini ya saa tano, au mchana uliopita bila chakula, umekula biskuti kumi na moja, kumi na mbili. Siku nyingine nne, tatu. Kisanduku kiwake kisiwake, biskuti hazikujali. Na uso wako umewaka zaidi siku hizo hizo.

Sisemi tumepata jibu. Ni mtu mmoja na siku arobaini. Lakini mwandiko ni wako. Na hakuna siku hata moja kati ya hizo ambapo daftari linasema hukuumwa.

Hospitalini kwetu kuna kikao cha wagonjwa wenye hali kama yako, na madaktari wao wangependa kuziona daftari hizi, lakini sijamwonyesha mtu. Ni mali yako, nakurudishia zote mbili na barua hii.

Chupa


24 Mei

Mdogo wangu Chupa,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaitia chini ya godoro. Siku ya tano nikaenda kwa Mwalimu.

“Ulibadilisha daftari?”

“Sikubadilisha.”

“Ulitaka?”

“Nilitaka, siku ya ishirini na tatu.”

“Ungebadilisha, nisingekusamehe.”

Akasema, “Najua,” akaniwekea chai. Tuliinywa bila sukari, kwa ubishi tu. Ilikuwa chungu mno.

Halafu nikafungua kisanduku. Nilitafuta kosa siku mbili nzima, Chupa, nikiomba nilipate. Swichi nzima. Betri nzima. Kifaa kikiwashwa kinarusha, kikizimwa kimya, nimekipima mara kumi. Nilikitengeneza sawasawa. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi nikalia, na katikati ya kilio nikajikuta najivuna. Maana wangapi wanaweza kujenga kitu cha kuwapinga wenyewe, kisha wasikilegeze hata skrubu moja? Fundi anayeamini sikio lake kuliko kipimo ataunguza kituo. Vijana wote waliopita mikononi mwangu niliwafundisha hivyo. Nisingeweza kuwafundisha hivyo halafu mimi nikimbie.

Nimekwenda kwa daktari wa tatu, wa kike, mjini, nikiwa na daftari langu. Hakuangalia pembeni. Aliniuliza, “Mara ya mwisho kulala vizuri ilikuwa lini?” Nikahesabu miezi kwa vidole. Ilikuwa kabla hawajanipa zamu mbili kwa siku, alipoondoka mwenzangu na hakuletwa mwingine. Mwaka mzima nilifanya kazi ya watu wawili nikijisifu. Hiyo ndiyo miezi uso ulipoanza kuwaka.

Amenipa mtu wa kuongea naye kila wiki, na ratiba ya kulala. Mchana nakula saa saba, njaa iwepo isiwepo. Sijapona. Juzi uso umewaka tena dukani. Lakini nilisimama, nikasubiri, ukapoa, nikanunua nilichofuata. Wiki hii biskuti zimekaa kwenye kopo siku tatu mpaka zimelainika.

Barua yako ya Machi nimeisoma. Gotini! Radhi nimeipokea, nami niwie radhi kwa ukali. Mama nimemweleza mwenyewe habari ya kijiko. Alisema yeye alikula udongo mimba yako nzima na hakuna aliyemwandikia barua.

Umesema hospitalini kwenu kuna kikao cha wagonjwa wenye hali kama yangu. Nitakuja. Daftari zote mbili nitawaletea mwenyewe. Sitaki kusomwa nikiwa sipo, kama chupa ya damu.

Dada yako,
Nguzo


21 Juni

Mwalimu, shikamoo.

Umeniomba nikueleze ilivyokuwa, kwa kuwa miguu yako haikukuruhusu kusafiri. Nakueleza kama nilivyoona.

Walikuja watu kumi na wanne. Ukumbi ni chumba cha chini tunachowekea viti vibovu. Simu zote ziliachwa ghorofa ya juu, kwa heshima yao. Wengine walifunika vichwa, wengine walikaa karibu na mlango. Madaktari wawili, nami nyuma, koti la maabara mwilini kwa sababu nilitoroka zamu kwa nusu saa.

Dada alisimama amevaa gauni lake la buluu, kisanduku juu ya meza. Hakusoma karatasi. Alieleza uso unavyowaka, na nikaona vichwa vinatikisika chumba kizima. Alieleza sukari, bila kupunguza, kijiko na kabati na viatu, na mama mmoja mnene akafunika uso kwa mikono, mabega yakatetemeka. Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani vyote viwili. Kisha Dada akataja: arobaini, kumi na tisa.

Mzee mmoja mwembamba, zamani dereva wa treni, akasimama. Sauti yake ilikuwa kali.

“Kwa hiyo sisi ni waongo?”

Nilitamani kumjibu mimi. Madaktari pia, niliwaona wanajisogeza kwenye viti. Dada akawazuia kwa kiganja.

“Mzee wangu, mimi naonekana mwongo? Kuumwa niliumwa. Kisanduku kilipimwa, maumivu hayakupimwa. Nilichokosea ni mahali pa hitilafu, na fundi hukosea mahali kila siku. Aibu iko kwa anayeendelea kubadilisha waya mzima mwaka baada ya mwaka kwa sababu ameshaapa ni waya.”

“Na kama kwangu ni waya kweli?”

“Basi kisanduku kitakuambia. Hakinijui mimi, hakikujui wewe, hakimpendelei daktari. Usiniamini. Jipime.”

Mzee hakukaa. Mkewe alininong'oneza kwamba huu ni mwaka wa pili hajaingia chumba chenye watu zaidi ya watatu. Kisha mzee akatembea hadi mezani, akainamisha kichwa, akasema, “Hii swichi umeipitishaje ukutani bila kutoa mlio?”

Mwalimu, dada yangu alipiga magoti sakafuni na lile gauni zuri, akageuza kisanduku chali, akaanza kumwonyesha. Mzee naye akapiga magoti kando yake. Yule mama aliyefunika uso akasogea, na kijana mmoja mwenye kofia, na daktari wetu mkubwa akauliza kitu akaambiwa asubiri zamu yake. Akasubiri.

Ilibidi nirudi kazini. Nikasimama mlangoni kidogo. Mhudumu mmoja alikuwa anapita na kitoroli cha mashuka, nikamshika mkono, nikamwambia, “Yule pale chini, wa buluu, ni dada yangu.” Hakuwa ameniuliza. Akachungulia, akasema, “Aha,” akaendelea na mashuka yake.

Wako mtiifu,
Chupa